Eti sijawahi kupoteza kitu: wabeba boksi wa Ohio na msiba wa rolakosta

Juzi kazini jamaa mmoja kaniambia mbele ya watu kwamba mimi sijui kupoteza. Tuko breki ya chakula, mimi na wali wangu wa jana, yeye na sandwichi yake, na hicho kitu ambacho eti sikukipoteza ni rolakosta. Chuma jamani. Treni la kupanda juu na kushuka. Kasema, "Wewe hukuipanda Dragster yenyewe, huwezi kuelewa." Nikamtazama tu, maana Kiingereza cha hasira bado kinanigomea mdomoni, ila limenikaa rohoni na leo ndo nalitoa, mnisamehe itakuwa ndefu.

Kwa wasionijua, mwenzenu nipo Columbus, Ohio, nabeba boksi kwenye ghala moja hivi, jina la kampuni mtaniachia. Columbus iko katikati ya bustani mbili kubwa za michezo. Ukinyoosha kaskazini kama masaa mawili unafika Sandusky, kwenye ziwa Erie, pale ndo kuna Cedar Point, watu wanaenda kustarehe pale tangu mwaka 1870. Ukishuka kusini-magharibi saa moja na nusu hivi unafika Mason, karibu na Cincinnati, kuna Kings Island ya mwaka 1972. Sasa hapa mtu lazima awe wa huku au wa kule, ni Simba na Yanga kabisa, na kinachonichekesha ni kwamba timu zote mbili ni za tajiri mmoja, tena hiyo kampuni mama iliungana na Six Flags Julai 2024. Lakini waambie hivyo uone utakavyopandishiwa sauti.

Hiyo Dragster ndo ilikuwa fahari ya Cedar Point. Top Thrill Dragster, ilifunguliwa 2003, urefu futi 420 kwenda juu, piga hesabu ya ghorofa mwenyewe. Haikuwa na habari ya kupandishwa taratibu kwa mnyororo, unakaa, mkanda unafungwa, halafu mtambo wa haidroliki unakutupa mpaka maili 120 kwa saa, yaani kilomita 193, kwa sekunde kama nne tu. Juu, chini, umemaliza. Safari nzima sekunde 17. Watu wanapanga foleni masaa kwa ajili ya sekunde 17 na hawalalamiki, hao hao ambao kwenye foleni ya leseni ya udereva wanataka kuita meneja baada ya dakika kumi.

Na kulikuwa na siku upepo wa ziwani unasukuma vibaya au mtambo haukutupa nguvu ya kutosha, treni inapanda, inakaribia kabisa kileleni, inasimama, halafu inarudi kinyumenyume mpaka ilipotoka. Wewe na mimi hapo tungeshuka tukitafuta sheikh. Wao? Wanashangilia! Hiyo kwao ni bahati, mtu anajisifu miaka kumi kwamba yeye treni lilimrudisha.

Agosti 2021 kipande cha chuma kikachomoka kwenye treni kikampiga mama mmoja aliyekuwa kwenye foleni, akaumia vibaya. Mchezo ukafungwa, mwaka uliofuata wakatangaza kwamba Dragster kama walivyoijua imestaafu. Halafu wakaja na Top Thrill 2. Mnara ule ule wa futi 420, lakini haidroliki hakuna tena, sasa ni sumaku za umeme, na kwa nyuma wamesimamisha mnara mwingine wa futi 420. Inakusukuma mbele, unapanda kidogo unarudi, inakusukuma kinyumenyume mpaka unaning'inia kwenye ule mnara wa nyuma uso ukiangalia ardhi, halafu msukumo wa tatu ndo unavuka kilele. Ikafunguliwa Mei 2024, na baada ya siku chache tu ikafungwa maana magari yake yalihitaji kurekebishwa, msimu wote ukapita hivyo, watu wamesafiri kutoka majimbo mengine wanapiga picha na mnara umelala doro. Imerudi 2025.

Basi ugomvi wa breki ndo huo. Ile ni ile ile au ni nyingine? Upande mmoja kuna huyu mzee wa forklifti, mimi namwita Mzee Ndevu, yeye anasema Dragster imekufa na hii ni mpangaji aliyeingia kwenye nyumba ya marehemu. Upande wa pili yuko dada yetu wa Bukavu, anafunga mizigo mstari wa tatu, amepitia kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, miaka mingi kabla ya kuletwa huku, yeye hana muda na historia. Anawajibu kwa Kiingereza halafu ananigeukia: "Hii ya mupya iko muzuri, inakusukuma mara tatu, ile ya zamani mara moja tu, balikuwa banaibiwa!" Mimi nikacheka. Kicheko ndo kilichoniletea maneno, Mzee Ndevu kadhani namcheka yeye na msiba wake, akanirushia hilo la sijawahi kupoteza.

Sasa ngoja niwaambie kwa nini liliniuma.

Mwaka jana baba mdogo alifariki Dar. Nyie mnajua baba mdogo ni nani. Huyu ndiye aliyelipa ada yangu sekondari, huyu ndiye aliyeuza kiwanja cha Chanika tukapata nauli. Nikaenda HR kuomba likizo ya msiba, dada wa watu akafungua kompyuta akaniambia kwa upole kabisa, likizo ya msiba ni siku tatu kwa mzazi, mume au mke, mtoto, ndugu wa kuzaliwa. Baba mdogo hayumo kwenye orodha. Nikamweleza kwetu huyu ni baba. Akasema anaelewa. Anaelewa na orodha iko pale pale. Nauli ya dharura wakati huo, kila mtu anayekaa huku anajua ilivyo, nikaiangalia nikaifunga. Nimezika kwa simu, Kisutu, video inaganda kila wakishusha mwili, niko kwenye gari parking ya ghala, halafu nikafuta uso nikaingia shifti. Wenzangu wakasema "sori kwa msiba" huku wanatembea. Hawakuwa na ubaya, ndo utamaduni, lakini walikuwa wanatembea.

Watu hao hao, Februari 28, 2025, kule New Jersey rolakosta ya Kingda Ka inalipuliwa kwa baruti. Hiyo ndo iliyomnyang'anya Dragster rekodi, 2005, futi 456, maili 128 kwa saa, iliyokuwa ndefu kwenda juu kuliko zote duniani. Breki ile hakuna aliyekula! Simu moja imesimamishwa kwenye chupa ya ketchup, watu kumi wamekusanyika, mnara ukainama ukalala, na mtu mmoja kavua kofia. Wallahi kavua kofia. Na waliobaki wakamshika bega.

Wala si utani wa watu wa kazini kwangu tu. Kings Island yenyewe kipindi cha Haloween huwa wanaweka makaburi ya michezo iliyokufa, jiwe la kaburi na jina. Kuna la Son of Beast, hii ilikuwa ya mbao, ilifunguliwa 2000, futi 218, tena ilikuwa na duara la kukupindua kichwa chini, kwenye mbao! 2006 ikajeruhi watu 27 kwa mpigo, 2009 ikafungwa moja kwa moja, 2012 ikabomolewa, na 2014 pale pale pakasimama Banshee, ya chuma, ile unaning'inia miguu hewani. Watu wanapita pale kwenye jiwe wanasikitika. Son of Beast iliwaumiza na bado wanaikumbuka vizuri.

Nimeshawaza sana hili jambo nikiwa naendesha peke yangu usiku. Hawa watu hawana kijijini. Mtu kazaliwa Toledo, kasoma Dayton, wazazi wameuza nyumba wamehamia Florida, ndugu yuko Texas, babu hajui kazikwa upande gani. Ukimuuliza kwenu wapi anataja jiji analolipia kodi. Kitu pekee kilichokaa sehemu moja tangu yuko mdogo ni hilo treni. The Beast ya Kings Island iko mle msituni tangu 1979, futi 7,361 za mbao, zaidi ya dakika nne, na mpaka leo ndiyo ndefu kuliko zote za mbao duniani. Baba kaipanda, mwana kaipanda, mjukuu kafikisha kimo kapandishwa. Kule Cedar Point kuna Blue Streak, 1964, jina limetoka kwa timu ya sekondari ya pale Sandusky. Kwa hiyo wakibomoa, ni kweli wanabomoa kitu cha mtu. Hapo nawapa haki yao.

Lakini basi wasiniambie mimi. Soko la Kariakoo limeungua Julai 2021, mwezi mmoja tu kabla ya Dragster kumpiga yule mama, limekarabatiwa na pembeni limejengwa jingine jipya, na mimi sipatambui hata kwenye picha. Nani aliniuliza kazini? Nani alivua kofia?

Mnaotaka kuja, na hapa nasema na wewe unayenitumia meseji kila wiki "kaka nifanyie mpango", soma mkataba wako sehemu ya likizo kabla hujasaini. Usiangalie dola kwa saa tu. Uliza siku za msiba ni ngapi na wanamhesabu nani. Halafu zile siku zako za likizo ya kawaida usizimalize kwa kulala, weka akiba hata tatu nne, maana simu ya usiku kutoka nyumbani haipigi hodi. Na jingine, jifunze wanachobishania. Nilikaa ghala lile mwaka wa kwanza kama kabati, nakula, nanyanyuka. Siku nilipouliza tu Mean Streak, rolakosta yao ya zamani, ni nini, nikaongea nao mpaka kengele ikalia.

Maana huyu huyu Mzee Ndevu, na hili lazima niliseme nisije nikamdhulumu, ndiye aliyenipeleka Cedar Point mara ya kwanza. Wenye pasi ya msimu huwa wanapewa tiketi za kuleta rafiki, ana watoto, ana wajukuu, tiketi moja kanipa mimi. Kanifuata mpaka mlangoni saa moja asubuhi, mafuta kaweka yeye, njiani kaninunulia kahawa, hela yangu kaikataa. Yule ni mtu ambaye siku za kawaida anasalimia kwa nyusi.

Alinipeleka moja kwa moja Steel Vengeance, na hapo ndo nikaelewa ugomvi wao una msingi. Mean Streak ilikuwa ya mbao, 1991, kubwa lakini inatikisa vibaya sana, watu wanashuka wameshika viuno. 2016 wakaifunga. Badala ya kuitupa, wakaita kampuni ya Idaho, Rocky Mountain Construction, wakaacha sehemu kubwa ya mbao zile zimesimama, juu yake wakalaza reli za chuma, wakaipandisha mpaka futi 205, wakaweka sehemu nne za kukupindua kichwa chini. Ikafunguliwa 2018. Ule mteremko wa kwanza ni wima kabisa, nyuzi 90, na baada ya hapo makalio hayakai kwenye kiti, ukijumlisha unaelea hewani sekunde zaidi ya 27. Nilipiga shahada, nikamtaja mama, nikamtaja baba mdogo. Mzee Ndevu pembeni mikono juu anacheka kama mtoto wa chekechea.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu na kesho breki naupeleka. Mean Streak walifanya vizuri kuibadilisha, mifupa ni ile ile, maumivu yameondoka, na sijasikia mtu anadai irudi. Dragster ni tofauti. Ile raha yake ilikuwa ni kutupwa mara moja, hujajiandaa, na ile roho juu kwamba leo itavuka au itarudi. Sasa kurudi kumewekwa kwenye ratiba, kila mtu anarudi, basi bahati iko wapi? Top Thrill 2 ni nzuri, nimeipanda, miguu ilitetemeka mpaka kwenye gari, lakini dada yetu wa Bukavu anahesabu misukumo kama anahesabu kilo. Mzee Ndevu yuko sahihi kuhusu Dragster. Kuhusu mimi hayuko sahihi, na hilo nalo nitamwambia, nimeshaanza kulipanga kwa Kiingereza.

Mambo mengine madogo kwa wageni wa huku. Pasi ya msimu usiinunue kwa awamu kama hujapata gari, maana bustani hizi hazifunguliwi mwaka mzima, na awamu huwa zinaendelea kukatwa huku nje theluji. Bei yake usiizungushe kwenye shilingi, utakaa kimya siku nzima. Usiende na kandambili. Na picha ya kupiga kelele kileleni usiiweke status ya WhatsApp, mimi niliweka, kabla sijafika Columbus nilikuwa nimeshaombwa hela ya bati, ya mahari na ya injini ya bajaji.

Msimu ukifunguliwa Mei nataka kwenda tena, safari hii kuona Siren's Curse, ile ya 2025, treni linasimama juu kwenye reli iliyokatika halafu kipande chote kinainama mpaka unaangalia chini ndipo linaachiwa. Walioko Columbus, gari langu lina nafasi tatu, mafuta tunachanga, tunaondoka alfajiri baada ya swala. Mwenye presha abaki nyumbani apike.