Siku moja maishani mwangu: natengeneza gemu peke yangu

Ukisema unatengeneza gemu, watu hudhani unashinda ukicheza. Hii hapa siku yangu moja ya kazi.

Saa kumi na mbili asubuhi nachora adui mpya: fremu (picha moja moja zinazounda mwendo) 8 za kutembea, 6 za kupiga. Kisha narekodi sauti za nyayo, najibu barua pepe, nasahihisha maandishi ya menyu. Kwenye studio kubwa hizo ni kazi za watu wanne.

Saa tatu ilikuwa zamu ya trela, video fupi ya kuitangaza gemu, ila nikakuta ujumbe wa mchezaji: "Gemu bovu. Mlango wa ngome haufunguki. Nirudishieni hela." Nirudishieni, kana kwamba tuko wengi. Kwenye Steam, duka la mtandaoni ninakouzia gemu, hiyo ni haki yake: akiomba ndani ya siku 14 tangu anunue, na amecheza chini ya saa 2, anarudishiwa. Sina ugomvi na hilo. Kinachochosha ni kwamba hakusema anatumia kompyuta gani wala alifanya nini kabla ya hapo. Angekuwepo mtu wa huduma kwa wateja, angemuuliza taratibu huku mimi nikiendelea na trela. Nikaandika: "Pole sana ndugu kwa usumbufu. Naomba unieleze unatumia kompyuta ya aina gani."

Nikaanza kuutafuta ugonjwa bila kujua dalili. Mlango ule huvunjwa kwa mshale, na kwangu ulivunjika kila nilipojaribu. Nikasoma msimbo wake, yaani maagizo niliyoiandikia kompyuta, mstari kwa mstari hadi adhuhuri. Ukisoma msimbo ulioandika mwenyewe, jicho linaona ulichokusudia, si kilichopo. Mwenzako angeuliza swali moja tu, "hii namba imetoka wapi?", na nusu ya siku ingeokoka.

Saa nane hivi akajibu: laptopu ya zamani, gemu inakwenda fremu 30 kwa sekunde. Hapo nikainuka kitini.

Mshale unasafiri pikseli (nukta ndogo za skrini) 1,200 kwa sekunde. Skrini yangu inakwenda fremu 144, kwa hiyo kila fremu mshale unasogea pikseli 8 na kidogo. Kwa fremu 30, unasogea pikseli 40 kwa mkupuo mmoja, na mlango una unene wa pikseli 32. Fremu hii ncha iko mbele ya mlango, inayofuata iko nyuma yake, na gemu haijaona mgongano wowote. Mara unagonga, mara unapita, kutegemea umesimama wapi. Timu yenye kompyuta tano tofauti mezani ingeliona hilo mapema sana. Mimi ninayo moja.

Dawa yenyewe ni mistari michache: hesabu za mwendo ziende hatua 60 kwa sekunde kwenye kila kompyuta, na gemu ikague njia nzima ya mshale, si ncha peke yake. Mlango ukavunjika. Lakini kubadili hatua za hesabu kukapunguza urefu wa kuruka kwa pikseli chache, na kuna majukwaa, sehemu za kurukia, niliyoyapanga pembezoni kabisa mwa uwezo wa mhusika. Sasa hayafikiki. Ikabidi nipitie hatua zote za gemu upya, jukwaa moja baada ya jingine, huku giza likiingia.

Wakati kama huo ndipo watu hunitajia Eric Barone, aliyetengeneza gemu ya kilimo ya Stardew Valley peke yake na kuitoa mwaka 2016. Namheshimu sana. Wanachosahau kusema ni kwamba ilimchukua zaidi ya miaka minne, na hata yeye alikuwa na kampuni ya kumsaidia kuiingiza sokoni.

Usiku majukwaa yote yanafikika, kwa vidole vyangu. Hilo halithibitishi chochote. Nalijua kila shimo, najua adui anatokea wapi, siwezi tena kujua kama hatua ya gemu ni ngumu au rahisi. Nikamwomba yule yule wa mlango wa ngome acheze toleo jipya kabla ya wengine. Amesema atakuwa na nafasi Jumamosi. Toleo litasubiri mpaka hapo, maana mwingine wa kulijaribu sina.