Thamostati ilitolewa, nikairudisha

Hilux yangu ina injini ya 22R ya petroli. Kila Juni baridi ya Njombe ikikolea, mshale wa joto haupandi kupita robo, na nikishika mteremko unalala kabisa. Asubuhi injini inakohoa njia nzima, petroli inakwisha kama inamwagwa. Nilibadilisha plagi, nikasafisha kabureta, hakuna nafuu.

Siku moja gari likiwa limepoa, nikaufuata kwa mkono mpira wa juu wa rejeta mpaka unapoishia kwenye injini. Pale pana kifuniko kidogo kimefungwa kwa bolti mbili, na kwenye 22R thamostati, ile vali inayofunguka kwa joto, hukaa humo. Nikapunguza maji, nikafungua kwa spana namba 12. Ndani patupu! Nikakumbuka: miaka ya nyuma gari lilichemsha, fundi akaitoa, akaniambia huku kwetu haina kazi. Iliniuma sana. Kazi yake ni kuyazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, na Njombe ndiko inakohitajika hasa.

Nikanunua mpya, ya kufunguka maji yakifika nyuzi 82 za Selsiasi, pamoja na gasketi, yaani kizibo cha kuzuia maji yasivuje kwenye kifuniko. Kabla ya kuifunga niliitumbukiza kwenye sufuria kuukuu ya maji iliyo motoni jikoni, nimeining'iniza kwa uzi isiguse chini. Mwanangu ndiye aliyekuwa akiangalia. "Baba, inafunguka!" Kweli, kile kisahani cha katikati kilikuwa kinajisukuma taratibu, na maji yalikuwa bado hayajatokota. Mpya nayo ipime. Nyingine hutoka dukani zimekwama.

Kazi iliyonichosha ni kubandua gasketi ya zamani. Ziba shimo kwa kitambaa kwanza, mabaki yasiingie ndani. Thamostati inakaa upande wa springi ukiangalia injini, na kile kitundu chenye kipini kinakuwa juu ili hewa ipite. Bolti usizikaze kwa hasira, aluminiamu hupasuka.

Nikaliegesha gari pua ikiangalia mlima ili hewa itoke, nikajaza maji na kulanti (dawa ya kupoza injini), nikaliwasha mfuniko wa rejeta ukiwa wazi tangu injini ikiwa ya baridi. Mkono wangu ulikuwa juu ya ule mpira. Baridi, baridi, dakika zinapita. Halafu ghafla ukawa wa moto, maji kwenye rejeta yakashuka, nikaongeza na kufunga.

Kesho yake nilipeleka viazi Makambako. Kwenye mteremko uleule mshale ulikaa katikati, haukutikisika.