Siku ya Tano: Kuhesabu Pumzi za Tumbili

Saa 10:30 alfajiri simu inalia. Chai nakunywa nusu kikombe tu, maana nikishavaa mavazi ya maabara, safari ya msalani ni kuvua kila kitu, kuoga, na kuanza upya. Mimi ni mtoto wa Muheza, na huu ni mwaka wangu wa sita nikitunza wanyama katika kituo cha utafiti kusini mwa Marekani. Wanyama wenyewe ni tumbili. Jamaa wa wale wale wanaotumalizia mahindi kwetu! Mababu wa hawa walichukuliwa Afrika Magharibi enzi za meli za watumwa, wakatupwa visiwa vya Karibiani, wakazaana St. Kitts na Barbados hadi leo.

Utafiti huu una tumbili 12. Baadhi walipuliziwa chanjo ya Uviko puani, wengine maji ya chumvi tu, kisha wote wakaambukizwa virusi. Nani alipata kipi sijui, na sitakiwi kujua, macho yangu yasije yakapendelea. Leo ni siku ya 5 tangu waambukizwe.

Saa 12:10 niko dirishani, kabla hawajaniona. Tumbili akijua anatazamwa hujikaza, hukaa wima kama mzima, kwa sababu porini mgonjwa ndiye wa kwanza kuliwa. Kwa hiyo nasimama pembeni na saa mkononi, naangalia mbavu, nahesabu dakika nzima kwa kila mmoja. Namba 7 jana alikuwa 36. Leo 52. Biskuti zake zote 8 zimebaki. Nimemwona ameshika kipande cha chungwa kwa mikono miwili, kidole gumba kimezama kwenye ganda, anakilamba tu bila kutafuna. Naandika: "amelamba chungwa". Watu hudhani utafiti ni mashine. Asubuhi hii utafiti ni mtu anayejua kwamba kulamba si kula.

Saa 1 tunavaa. Glavu jozi mbili, suti, kofia yenye feni inayosukuma hewa safi usoni. Hewa ya vyumba vyetu huvutwa ndani muda wote ili virusi visitoke. Hata kwenye jengo la wanyama wasio na maambukizi, macho sikuyaacha wazi hata mara moja. Mwaka 1997 msichana mmoja aliyefanya kazi kama yangu hapa Marekani alirukiwa jichoni na majimaji ya kima wa Asia, akafa wiki chache baadaye kwa virusi ambavyo kima wale hubeba bila shida. Na sisi tunaweza kuwaua wao. Bila uthibitisho wa kinga ya surua na kipimo cha kifua kikuu, huingii.

Kuanzia saa 2 ni kazi ya sampuli. Sindano ya ketamini, tumbili analala, tunasoma namba aliyochorwa pajani, tunapima joto, tunapitisha pamba puani. Kisha daktari wa mifugo anaingiza mrija mwembamba hadi mapafuni, anamimina maji ya chumvi, anayavuta tena. Maji ya mapafu hurudi na povu jepesi juu. Mimi nimeshika kichwa, kiganja changu kiko kifuani pake.

Ndugu zangu huniuliza mbona tusitumie panya. Tunawatumia sana, lakini kirusi cha Uviko cha mwanzo hakikumshika panya wa kawaida. Pua na mapafu ya hawa yanakaribia yetu. Mwaka 2020, kima 6 waliochanjwa kwa chanjo ya sindano ya Oxford, ile ya AstraZeneca, hawakupata nimonia, lakini puani virusi vilijaa kama kwa wasiochanjwa. Baadaye dunia ikayaona hayo hayo kwa binadamu: chanjo inakuokoa na kitanda cha oksijeni, lakini unaweza kuugua na kuambukiza. Ndiyo maana leo tunapulizia puani.

Namba 7 ndiye aliyetuchelewesha. Tulikuwa tumemaliza naye, chupa za sampuli zimepita kwenye kidirisha cha dawa ya kuua virusi kwenda nje, mara mpokeaji akaita kwenye simu ya ndani: lebo mbili zimelowa, mashine haisomi msimbopau, tuchukue upya. Feni inavuma masikioni, nikamwomba arudie mara tatu. Kuchukua upya! Kwa mnyama anayehema 52, aliyetoka kumiminiwa maji mapafuni. Nikamwambia ageuze chupa atazame chini ya lebo, namba nimeiandika kwa penseli. Wino huondoka na dawa, penseli haiondoki, hilo nililijua mwaka wangu wa kwanza. Akajibu kwamba utaratibu ni mashine isome. Nikasema utaratibu una daftari pia, na daftari linaonyesha kila chupa ilikaa tundu gani. Akasema atamuuliza mkubwa wake. Tukangoja. Betri ya kofia yangu ikaanza kulia. Daktari, ambaye si mtu wa kupayuka, akasogea kwenye simu akasema, "Huyu halali tena leo. Ukitaka chupa nyingine, njoo umchome wewe." Ikapita kimya. Dakika arobaini na kitu baada ya wito wa kwanza, wakakubali penseli na daftari.

Muda wote huo nilikuwa nimekaa na Namba 7, nimemlaza ubavu, nasubiri amke. Hatuondoki kabla mnyama hajakaa mwenyewe. Alifumbua jicho moja, akanishika kidole, vidole vyake vidogo juu ya glavu mbili. Keshokutwa, siku ya 7, wote 12 watalazwa usingizi wa mwisho ili mapafu yao yakaguliwe. Nitakuwepo. Huomba zamu hiyo mwenyewe, kwa sababu wananijua, na mkono wanaoujua hauwatishi.

Sikumbuki saa ngapi tulitoka. Nilioga mara mbili, mgongo ukawa kama umefungwa mawe. Kwenye chumba cha kupumzika, mwenzangu wa Bukavu anayeosha vizimba alikuwa ameniwekea ugali. "Kula kwanza, dada yangu, utaongea kisha." Jioni nikarudi dirishani. Pumzi 47. Biskuti mbili hazipo, na makombo yako sakafuni, ametafuna.

Saa 3:30 usiku nampigia mama. Kwake ni saa 11:30 alfajiri, anafunga kanga aende kulinda shamba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hao watu wako wamekula safu mbili jana."

Namwuliza kama wana watoto mgongoni.

"Mmoja," anasema. "Huyo sikumrushia jiwe."