Usiku wa Sinza kwa Mfuko wa Kawaida

Sisi wakazi wa Morogoro tulizoea kupima safari ya Dar es Salaam kwa foleni za Kibaha na Mbezi, lakini tangu treni ya umeme ilipoanza kubeba abiria kati ya miji hii miwili mwezi Juni 2024, mtu anaweza kufunga ofisi Ijumaa alasiri na kuwa jijini kabla giza halijaingia. Nilikata tiketi ya daraja la kawaida kwa shilingi 13,000, nikashuka stesheni, nikaenda Gerezani na kupanda basi la mwendokasi la kuelekea Kimara, ambamo nilisimama kwa kubanwa hadi kituo cha Shekilango. Mtu anayetoka mjini akitaka Sinza, eneo la jijini lenye baa nyingi, hapo ndipo pa kushukia.

Barabara ya Shekilango, iliyopewa jina la Hussein Shekilango, waziri aliyefariki katika ajali ya ndege mwaka 1980, inachepuka kutoka Barabara ya Morogoro na kwenda kutokea Bamaga. Kandokando yake na katika mitaa inayoizunguka kuna vituo ambavyo majina yake mgeni huyajifunza kwa kuwasikiliza makondakta: Kijiweni, Kumekucha, Madukani, Makaburini, Palestina, Afrika Sana. Kwamba eneo lenye baa nyingi kiasi hiki lina kituo kiitwacho Makaburini ni jambo ambalo wenyeji wameacha kulishangaa zamani.

Nilipata chumba cha gesti kwa shilingi 30,000, chenye feni, bafu la ndani na dirisha lililotazama ukuta wa jirani. Dada wa mapokezi aliniuliza kama nina usingizi mwepesi, na nilipomjibu kwamba ninao, alinipa chumba cha nyuma bila maelezo zaidi.

Ili kuuelewa usiku wa Sinza, inafaa kwanza kuitazama ramani yake mchana. Eneo hili halikuanza kama mji wa starehe. Katika miaka ya 1970 Serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilipima viwanja, ikachonga barabara na kuvuta maji, kisha ikawaachia wananchi wajenge nyumba zao wenyewe. Sinza, Kijitonyama na Mikocheni zilikuwa miongoni mwa maeneo ya mwanzo ya mpango huo. Walichopewa watu, basi, ni viwanja vya kuishi, vyenye nafasi ya kutosha mbele ya nyumba, na miaka ilivyokwenda nafasi hiyo ikawa fremu, yaani vyumba vya biashara vya kupangisha: kwanza duka la vyakula, kisha saluni, kisha baa yenye viti vya plastiki vinavyomwagika hadi ukingoni mwa barabara. Ndiyo maana baa za Sinza zinapakana na sebule za watu, msikiti, kanisa na shule ya chekechea, na kwa maoni yangu ndiyo sababu pia bei zake hazipandi ovyo. Mteja asiyeridhika hahitaji usafiri kwenda kwingine, kwa kuwa hatua ishirini zinamtosha.

Kufikia saa mbili usiku moshi ulikuwa umetanda. Nilianza na mishkaki na ndizi choma kwa kijana aliyeweka jiko lake nje ya baa isiyo yake, kwa makubaliano ambayo yanawafaa wote wawili: yeye anapata wateja, na mwenye baa anapata watu wenye kiu. Baadaye nilihamia kwenye banda la kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, ambako mtu huagiza kwa kilo au nusu kilo, akachagua kavu au rosti, akasubiri kwa muda mrefu kuliko alivyoahidiwa. Meza za jirani zilikuwa na wanafunzi wa vyuo waliokuwa wakichangishana noti, mafundi waliotoka kazini, na wanawake wanne waliovalia sare ya kitenge cha harusi. Bia ilikuwa kati ya shilingi 2,000 na 3,000, na baa nyingi nilizoingia hazikutoza kiingilio. Kwa bei za ufukweni, fedha niliyotumia usiku mzima ingeishia kwenye chakula pekee.

Muziki ni suala jingine. Kila baa inapiga wa kwake, na anayekaa katikati husikia Bongo Fleva kwa sikio la kulia na singeli kwa la kushoto. Hilo la singeli halikunishangaza, kwa kuwa Manzese na Tandale, mitaa iliyoulea muziki huo, ni majirani wa karibu. Mwaka 2023 Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira lilifungia baa na kumbi kadhaa kwa sababu ya kelele, na tangu hapo, kwa maelezo ya mhudumu mmoja, sauti hupunguzwa kila gari lisilojulikana linapoegeshwa nje.

Asubuhi nilikwenda kunywa supu na chapati katika baa ileile iliyonikesha, na huko nilimkuta mama mtu mzima akilalamika kwa meneja kuhusu spika zilizoelekezwa dirishani kwake. Nilimwamkia, akaitikia, "Marahaba, baba," na baada ya kuvuta kiti alinieleza kwamba ameishi kwenye kiwanja hicho tangu alipoolewa, na kwamba wiki nzima hajalala sawasawa.

"Sasa mama, kwa nini usimshtaki mwenye baa kwa mjumbe?" nilimwuliza.

Alinitazama kana kwamba nimetoka mbali kuliko Morogoro.

"Nimshtaki vipi, na fremu ni yangu? Kodi yake ndiyo inayomsomesha mjukuu wangu. Mimi ninachotaka ni ageuze tu hizo spika, zielekee barabarani."

Meneja alikubali kuzigeuza, ingawa hakutaja siku.