Udongo Mweusi wa Ruai: Ninavyotayarisha Kishamba Kabla ya Masika

Anayelima Dagoretti au Limuru hana habari ya shida yetu. Udongo wake mwekundu unalimika karibu siku yoyote. Huku Ruai tuna ule mweusi wa mfinyanzi. Januari na Februari unapasuka nyufa za kumeza mguu wa kuku, jembe likitua linaruka. Mvua ikinyesha mfululizo unavimba, unateleza, unanata kwenye gambuti hadi mguu hauinuki. Katikati ya hali hizo mbili kuna siku chache tu za kulima, na kazi yote ya kishamba changu cha nyuma ya nyumba imepangwa ili siku hizo zikifika nisiwe na shughuli nyingine.

Masika ya Nairobi huja Machi, mara nyingi kuanzia katikati au mwishoni, na kuendelea hadi Mei. Sisi wa mashariki ya jiji hupata mvua kidogo kuliko wenzetu wa Karen na Westlands, kwa hiyo kuchelewa kunatuuma zaidi. Nafuatilia utabiri wa msimu wa Idara ya Hali ya Hewa, halafu naanza Februari, ardhi ikiwa ingali mwamba.

Februari ni ya kusafisha magugu. Kishona nguo nakiondoa kabla hakijakomaa mbegu. Mukengeria ni mkaidi: ukiukata na kuuacha pale pale, kila pingili inatoa mizizi, kwa hiyo nauanika juu ya simiti ya kando ya tangi mpaka ukauke kabisa. Ndago nazo hazitaki hasira za jembe. Ukizikatakata unazisambaza, maana zile punje za chini ndizo zinazochipua. Nazichimbua moja moja kwa panga, jioni, nikisikiliza redio.

Sukuma iliyozeeka siing'oi yote kwa mara moja. Mashina yaliyonipa majani mapana bila kukimbilia maua huchipua pembeni, na machipukizi hayo yakifika urefu wa kidole nayavunja, nayapunguza majani, nayachomeka kwenye makopo yenye udongo mwepesi na kuyaweka kivulini. Yanaota mizizi bila gharama ya mbegu. Lakini kwanza nalipasua shina moja nilitazame ndani. Likiwa na mishipa myeusi, au majani yake yana kabari za njano zinazoingia kutoka ukingoni, hiyo ni bakteria, na machipukizi yake yataubeba ugonjwa hadi kwenye tuta jipya. Shina kama hilo halikanyagi hata lundo la mbolea, linachomwa.

Mbolea yenyewe natoa kwenye boma la mbuzi, si mbali na Kangundo Road. Naiagiza mapema, nairundika na maganda ya jikoni na mabua makavu, nanyunyiza maji, nafunika kwa gunia na kuipindua kila ninapokumbuka. Ikishapoa ndani na kuacha kunuka, iko tayari. Ya kuku ina nguvu zaidi, ila ikiingia shambani mbichi inachoma miche, kwa hiyo hiyo naivundisha muda mrefu.

Jirani yangu, mzee aliyezoea udongo wa Murang'a, alinishauri ukutani, "Mama, huu ni saruji. Utie mchanga ulegee."

Nikamwambia, "Mzee wangu, saruji na mchanga si ndiyo zege?"

Alicheka, lakini hesabu ni hiyo hiyo. Mchanga kidogo haulegezi mfinyanzi, na ule wa kutosha ungehitaji malori. Kinacholegeza ni vitu vinavyooza: samadi, majani, na makapi ya mpunga wa Mwea nikiyapata. Aliniambia pia nimwage majivu. Majivu yanafaa udongo wenye asidi, kama ule mwekundu wa kwao. Huu wetu kwa kawaida hauna asidi hiyo, basi majivu ya jiko langu yanaishia penginepo.

Sasa zile siku chache. Manyunyu ya kwanza yakishapenya, kila asubuhi nachukua donge kutoka kina cha kiganja na kulifinya. Likivunjika kuwa vumbi, bado. Likisokoteka kamba ya kung'aa, nimechelewa, nasubiri likauke kidogo. Likishikana halafu likameguka ninapolisukuma kwa kidole gumba, naacha kila kitu. Siku hiyo hata nguo zikilala kwenye beseni, zilale. Naingia na jembe uma, nainua udongo bila kuugeuza sana, nachanganya samadi, natengeneza matuta ya upana wa mita moja na kimo cha karibu sentimita 30. Upana huo unaniruhusu kufika katikati kutoka kila upande, maana tuta likishakamilika hakuna anayelikanyaga. Watoto wanajua, kuku wa jirani hawajui, na ndiyo sababu ya ile neti kuukuu ya mbu niliyoizungushia ua.

Wengi hapa mtaani wanachimba vishimo ili maji yasimame. Katika ukame ni sawa. Katika masika kwenye udongo huu, mizizi inakosa hewa na sukuma inageuka njano ikiwa imezungukwa na maji. Mimi napandisha tuta na kuacha mitaro kati yake, ielekee upande wa chini wa ploti, mbali na msingi wa nyumba na mbali na lango la mtu.

Kitalu nakianza mwishoni mwa Februari, kwenye beseni kuukuu zilizotobolewa. Pakiti ya mbegu nikiinunua nakwangua kibandiko cha KEPHIS, wakaguzi wa mbegu wa serikali, na kutuma ile namba kwa SMS kwenda 1393 kuhakikisha mbegu si bandia, kabla sijaondoka kwenye duka la pembejeo. Muuzaji akinuna, na anune. Miche ya sukuma na spinachi inataka wiki nne hadi sita, na wiki ya mwisho naiondolea kivuli na kuipunguzia maji ili izoee jua. Naihamisha jioni, sukuma kwa nafasi ya sentimita 60, kila mche ukivishwa pete ya chupa ya plastiki iliyozama kidogo ardhini. Pete hiyo inamzuia sota, kiwavi anayekata shingo ya mche usiku.

Terere, kunde na dania napanda moja kwa moja. Mbegu za managu ni ndogo mno, nazichanganya na mchanga mkavu (hapo ndipo mchanga una kazi) ili zisirundikane. Dania naiponda kidogo ipasuke vipande viwili, nailoweka usiku kucha. Mvua ikikatika, nalazimika kutumia maji ya kisima, ambayo kwetu yana chumvi. Spinachi inayavumilia, maharagwe hayavumilii kabisa, kwa hiyo maharagwe nayapanda karibu na tangi la maji ya paa.

Nyanya sizipandi nje Aprili. Majani yakikaa na maji usiku na mchana, ukungu unayachoma, na kunyunyiza dawa kila baada ya mvua kwa mashina machache ni kumtajirisha mwenye duka. Nanunua kwa mama mboga, nasubiri.

Mvua ikishakolea kazi inapungua. Nazibua mitaro, naokota konokono usiku kwa tochi ya simu, nageuza majani ya sukuma kutafuta vidukari. Wakiwa wachache nawafuta kwa kidole. Wakiwa wengi nanyunyiza maji yenye sabuni kidogo, jioni, nikihakikisha yanafika upande wa chini wa jani. Terere ndiyo ya kwanza jikoni. Naing'oa iliyobanana, karibu wiki ya nne, na inayobaki inapata nafasi ya kunenepa. Sukuma inangoja zaidi, na ikifika zamu yake nachuma majani ya chini tu, nikiacha manne au matano ya juu.