Umerudi mtaani baada ya miaka ishirini? Pima kabla ya kuhukumu

Anayerudi kwenye kitongoji cha Marekani alikokulia huanza na vibao vya maduka. Palipouzwa mashine za kukatia nyasi sasa pana mgahawa wa Kivietnamu, kanisa limeongeza ibada ya Kihispania, na majina kwenye visanduku vya barua ni mageni. Hapo hapo hukumu mbili humtoka: mtaa umechanganyika, kwa hiyo mtaa umeshuka. Ya kwanza huenda ni kweli. Ya pili haitokani na ya kwanza, na namba za kuipima zipo bure kwenye data.census.gov.

Kwa rangi, tumia jedwali B03002. Sensa ya Marekani imekuwa ikiuliza Ulatino kando na rangi, hivyo jedwali linalotaja rangi tu huwaingiza Walatino wengi miongoni mwa Weupe. B03002 huwatenganisha. Kisha chukua sehemu ya kila kundi, izidishe kwa yenyewe, jumlisha, toa kwenye 1. Jibu ni uwezekano wa watu wawili wakichaguliwa bila mpango kuwa wa makundi tofauti. Kwa nchi nzima ulikuwa asilimia 54.9 mwaka 2010 na 61.1 mwaka 2020.

Ila kipimo hicho kina ujanja wake. Tazama Ferguson, Missouri, kwa hesabu ya rangi peke yake. Mwaka 1990 Weupe walikuwa asilimia 73.8 na Weusi 25.1, mwaka 2000 wakawa 44.7 kwa 52.4, mwaka 2010, 29.3 kwa 67.4. Ukikokotoa unapata takriban 0.39, kisha 0.53, kisha 0.46. Mwelekeo ni ule ule miaka yote ishirini, lakini kipimo kimepanda halafu kikashuka. Aliyeondoka mwaka 2000 na kurudi 2010 angeambiwa mchanganyiko umepungua, na asingedanganywa. Kwa hiyo usisome kipimo bila asilimia zenyewe.

Jihadhari pia na 2020. Waliohesabiwa kuwa na rangi zaidi ya moja waliruka kutoka milioni 9.0 mwaka 2010 hadi milioni 33.8, na sehemu kubwa ya mruko huo ilitokana na swali kuundwa upya na majibu kuainishwa kwa njia nyingine. Si majirani wapya.

Kipato ndipo wengi hukosea. B19013 hutoa mediani, yaani kipato cha kaya iliyo katikati ukizipanga zote kuanzia ya chini. Sensa ya 2000 iliuliza kipato cha 1999. Dola 60,000 za mwaka huo, kwa fahirisi ya bei za walaji, ni kama 110,000 za 2023. Mtaa uliotoka 60,000 hadi 95,000 umerudi nyuma, hata kama kila gari barabarani ni jipya.

Takwimu za kipato za miaka ya karibuni hutoka kwenye utafiti wa sampuli wa Sensa (American Community Survey), unaounganisha majibu ya miaka mitano mitano. Hapo ndipo kuna kiasi cha makosa, ile namba yenye alama ya ± ambayo watu huiruka: inaonyesha jibu la kweli linaweza kuwa juu au chini kwa kiasi gani. Tuseme mediani ya 2014–2018 ilikuwa 82,000 ± 6,000, ikisharekebishwa kwa bei za 2023, na 2019–2023 ni 90,000 ± 7,000. Zidisha kila kiasi cha makosa kwa chenyewe, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili: takriban 9,200, na hicho ndicho kiasi cha makosa cha tofauti yenyewe. Tofauti ni 8,000 tu, chini ya hapo, hivyo huwezi kusema kipato kimepanda. Wala usilinganishe vipindi vinavyopandana, kama 2017–2021 na 2019–2023. Miaka mitatu ni ile ile.

Mediani ikishuka, usikimbilie kuwalaumu wahamiaji. Angalia kwanza umri: wazee waliostaafu, tena wajane, wakibaki kwenye nyumba zao huivuta chini bila mtu yeyote kuhamia. Na ikipanda, fungua B25010 (ukubwa wa kaya) na B19301 (kipato kwa kila mtu). Nyumba yenye watu saba na mishahara minne huonekana tajiri kwenye B19013. B19013B hadi B19013I hugawa kipato kwa rangi na Ulatino, na mara nyingi hapo ndipo ile "kwa hiyo" inapovunjika.

Mwisho, mipaka. Eneo la sensa (census tract, kipande kidogo cha kaunti ambacho Sensa hukitolea takwimu zake) likijaa watu hugawanywa, na vipande hupewa .01 na .02 nyuma ya namba ya zamani. Vijumlishe tena kabla ya kulinganisha idadi za watu. Mediani hazijumlishiki wala hazigawanyiki kwa mbili, kwa hiyo kwa kipato panda hadi ngazi ya mji au kaunti.