Neno lenye msukumo ndani

Mpwa wangu yuko likizo kwangu. Leo mchana kaniuliza: kitunguu ukishakikata na kukifikicha kwa chumvi, yale maji yote yanatoka wapi, nawe hujatia hata tone? Nikamjibu, osmosisi. Akaguna tu. Kumtajia mtoto jina la kitu si kumweleza, basi jioni nikakaa nalo hilo jina.

Asili yake ni Kigiriki, osmos, yaani msukumo. Mwaka 1748 Mfaransa Jean-Antoine Nollet alijaza kileo kwenye chupa, akaifunga mdomo kwa kibofu cha mnyama, akaizamisha majini. Kibofu kikatuna. Maji yalikuwa yakiingia kwa kasi kuliko kileo kilivyotoka. Miaka ya 1820 Mfaransa mwingine, Henri Dutrochet, akaupa mwendo huo majina mawili, endosmose wa kuingia ndani na exosmose wa kutoka nje. Mwaka 1854 Mskochi Thomas Graham akayakata vichwa yote mawili, ikabaki osmose. Mimi naona alitupunja. Kitunguu kwenye chumvi hutoa maji. Zabibu kavu ukiziloweka huyavuta mpaka zikavimba. Majina ya Dutrochet yalikuwa yanakwambia upande.

Kuhusu msukumo wenyewe, hakuna anayesukuma. Molekuli za maji, yaani chembe zake ndogo kabisa, hazitulii, zinahangaika huku na huko, zikipenya utando, ngozi nyembamba kama ya kile kibofu, kutoka pande zote mbili. Penye chumvi nyingi maji huwa yamebanwa nafasi, kwa hiyo yanayokwenda upande huo huzidi yanayorudi. Basi.

Sisi jikoni hatuulizi nani kasukuma. Tunauliza, imekolea? Chumvi ikishaingia mpaka ndani ya embe la achari, imekolea. Rangi ikishashika kitambaa, imekolea. Kitambaa nacho kikinywa maji tunasema kimesharabu, neno la Kiarabu la kunywa, ndugu wa sharubati.

Msukumo wa kweli upo Ghuba. Muscat, mji mkuu wa Oman, wanakunywa maji ya bahari yaliyotolewa chumvi. Lita moja ya bahari ina chumvi kama gramu 35, na pampu huyakandamiza maji kwenye utando kwa nguvu inayozidi mara 50 ile ya hewa inayotuzunguka, ili yaende kinyume na yalivyotaka yenyewe. Huko mashine haipumziki, na bili ya umeme si ya mchezo.